Mshono wa Fundi Pembe

Ndugu waombolezaji, usiku wa manane cherehani ya mume wangu ilikuwa ikilia tarara, ikanyamaza, ikalia tena, na wengi wenu mliisikia mkakaa kimya. Shemeji, mdogo wake, ndiye aliyepangiwa kusoma haya, ila tangu alfajiri haonekani, anayaogopa macho yenu, basi nasoma mimi mjane.

Marehemu, mliyemwita Fundi Pembe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1991, akamaliza darasa la saba mwaka 2005, akajifunza ushonaji kwa mjomba wake, aliyemzoeza kurudishia uzi mara tatu kwenye kila pembe, maana nguo huanza kufia pembeni, na jina likamganda hapohapo. Tulifunga ndoa tarehe 16 Juni 2018, tukajaliwa binti mmoja, huyu niliyembeba, ana miezi saba.

Mkoa wetu ulipodai kujitenga, serikali ilileta kwanza ahadi ya barabara, kisha askari, kisha amri kwamba kila ofisi na kila duka, hata la kinyozi, lipeperushe bendera ya taifa, marehemu akapewa kazi ya kushona mia nne, mchana akawa anashona hizo, usiku zile za mkoa wetu zilizopigwa marufuku. Nilimsihi aache, akacheka, akasema, "Mama watoto, kitambaa hakina mdomo."

Tarehe 3 Mei 2022 askari walimchukua, tarehe 11 akafariki, karatasi inasema ni moyo, na tangu hapo mtaa mzima unasema shemeji ndiye aliyemuuza, jana mmemvunjia mlango. Nilipofuata mwili, ofisa alinitandikia mezani bendera mbili, ya ofisini kwake na ile ya marufuku iliyoteremshwa kutoka juu ya tangi la maji la mtaani, akafunua pembe huku akijisifu kwa macho yake makali, uzi mara tatu huku, mara tatu kule. Hakuna aliyemuuza, jamani, ni mkono wake mwenyewe uliomtaja, mwacheni shemeji arudi amzike kaka yake.

Tunamshukuru daktari, ambaye hakusema neno ila alinifunulia shuka nikaviona vidole vya marehemu, majirani mlionishikia mtoto, na mafundi wenzake mliomalizia nguo za wateja.

Pumzika kwa amani, Fundi, uliyonyimwa siku zile nane.

Nami kabla ya kukabidhiwa mwili nilitia sahihi kwamba habari ya zile bendera sitamwambia mtu, sasa nimewaambia ninyi, na naahidi mbele ya jeneza hili, mwingine simwambii.