Kura ya Tatu ya Shomari

Mwaka huo wa tisini na tisa kila redio mpya na kila gazeti mjini lilikuwa na tuzo yake, na sisi wa benchi la Mtaa wa Mchikichi tulikuwa na mtu wetu mashindanoni. Shomari, mwenzetu wa kahawa, anayepiga gitaa la umeme juu ya ngoma za Kizaramo, aliingia fainali ya Tuzo ya Taifa ya Muziki Mbadala, yaani ya wale ambao si dansi, si taarabu, si kurap. Kura zilipigwa na wasomaji wa gazeti lililoiandaa: unakata kuponi, unatuma. Jumamosi akashindwa. Mpaka Jumatano hajatoka chumbani kwake, na siwafichi, iliniuma kama msiba. Hamis muuza kahawa alikuwa bado anajaza vikombe Profesa, fundi saa wetu, alipoanza.

PROFESA: Shomari kaibiwa kweupe. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

BREKI: Mgeni gani tena, Profesa?

PROFESA: Yeyote! Wewe sukuma mkokoteni wako, mambo ya wahenga niachie.

BREKI: Mimi nina data, mshikaji. Yule aliyeshinda, mjomba wake anasambaza magazeti. Kanunua robota zima, kama la mitumba. Ukoo mzima umekaa chini unakata kuponi. Haba na haba hujaza kibaba!

HAMIS: Umewaona?

BREKI: Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa.

Mzee Suud, muuza kofia, akashusha kikombe. Huyu akinyamaza muda mrefu ujue anapika jambo.

SUUD: Nyie watoto. Hili ni la serikali. Ngoma zile zinawapandisha watu mashetani. Sasa wazungu wa mkopo wamekaa pale ukumbini, waziri naye anaanza kutetemeka mabega. Mkopo utatoka? Lisemwalo lipo!

HAMIS: Limesemwa na nani, mzee?

SUUD: Si nimelisema mimi sasa hivi?

PROFESA: Ubinafsishaji huo! Viwanda vimekwisha, wamehamia kwenye ngoma. Shomari ameshauzwa kwa makaburu, yeye mwenyewe hajui. Mwakani mtamsikia kwenye tangazo la bia.

Tukacheka, lakini cheko la kujilazimisha. Hapo akatokea Sabaha, mdogo wake Shomari, anayeuza khanga Mtaa wa Kongo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, Suud akaitikia. Kaka yako hajambo?

— Gitaa kaliuza leo asubuhi, mnunuzi kamfuata chumbani. Kesho anarudi Maneromango kulima.

Hamis akaweka birika chini.

— Jana mimi na mama tulienda ofisi ya gazeti, akaendelea. Wakatuonyesha kura zake. Tatu.

— Mia tatu? Suud akauliza.

— Tatu, baba. Moja yangu, moja ya mama. Ya tatu haina jina. Hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kula. Anasema lazima ni ya mtu wa hapa, hawezi kuondoka bila kumshukuru. Kanituma niulize ni nani.

Niwaambie ukweli. Kijiweni kwetu gazeti hununuliwa moja, na Suud, linasomwa na watu ishirini. Siku ile ya kuponi kila mmoja alijua mwenzake ataikata. Tena nyuma yake palichapwa ratiba ya ligi, na tulikubaliana kabisa, mtu asiiguse mpaka msimu uishe. Ukurasa ule tuliubandika kwa ugali ukutani kwa Profesa, kuponi ikiwemo. Sikuwahi kuona aibu kama ile.

— Mimi, Breki akasema.

— Mimi, Profesa naye akasema, wakati uleule.

Sabaha akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akatutazama wote.

— Sasa nimwambie nani?

Breki akainamia kikombe chake, Profesa naye chake. Sabaha akajifunga khanga vizuri, akaondoka.