Maua Kibao, Boga Hakuna

Haya kanisimulia binti yangu jana aliposhuka kwenye basi, maana masikio yake hayana likizo. Kiti cha mbele yake mkulima alimlalamikia mama aliyepakata mzinga mtupu wa nyuki: "Maboga yametoa maua kibao, yote yanapukutika bila tunda. Wanangu watakula nini?"

"Dawa ya wadudu unapiga saa ngapi, kaka?"

"Asubuhi, maua yakifunguka. Ndipo wanapojaa."

"Hao ndio nyuki, baba wee! Bila wao, ua halizai. Wangu wamekwisha kwa dawa za wenzio."

"Mdudu ni mdudu, dada."

"Basi wafanyie kazi yao wewe, ua kwa ua, ukihamisha chavua kwa unyoya. Au piga jioni, nyuki wakisharudi mzingani."

Mkulima alicheka peke yake. Basi liliposimama akauliza taratibu, "Jioni saa ngapi hasa?" Mama alikuwa ameshalala, ameukumbatia mzinga.