Asilowe Kabla ya Kuchomwa

Gari la farasi la kwenda mji wa Diss liliyumba kwenye mvua. Kando ya Hannah, Bwana Pell mchinjaji alikuwa amepakata mtu wa majani makavu, mwenye kofia kabisa. Jioni wangemchoma uwanjani badala ya Amos Thurkell, yule mshona korseti, mavazi ya kubana kiuno cha wanawake, aliyeandika kitabu kisha akakimbilia Ufaransa.

"Kawakosea nini?" aliuliza mjane aliyeketi mbele yao.

"Kasema mfalme ni mtu kama mimi na wewe, mama."

"Umekisoma?"

"Nionje sumu ya nini?"

Hannah, aliyekisoma mara mbili, alitazama nje.

"Korseti ya harusi yangu alishona yeye," mjane akasema. "Siku hiyo mke wa kabaila alinikuta dukani. Thurkell akamwambia asubiri, nimetangulia mimi."

"Sasa si ndiyo maana tunamchoma!"

Gari likasimama. Mvua ilikuwa ikimwagika. Pell alivua koti lake, akamfunika Thurkell wake asilowe, akashuka naye taratibu huku yeye mwenyewe akitota.

"Mfunike na miguu, baba," mjane alimwambia. "Atapata mafua."