Daktari Aliandika "Bwana Asifiwe"

Wacheni niwaambie nilichosikia leo kwa matatu ya Probox ya kutoka Ruiri, kabla nilipuke. Mbele yangu walikaa mzee mmoja, daktari wa ofisi ya mifugo anaitwa Kailemia, anastaafu Ijumaa, na Makandi, dada wa kompyuta wa hiyo ofisi. Makandi alikuwa amechoka na yeye kabisa.

"Daktari, hiyo sistimu ya kompyuta ilinunuliwa ndio kila mtu aandike vile anafanya kazi. Wewe umeandika tu 'Bwana asifiwe.'"

"Si mlisema tuingie? Nimeingia."

"Na ugonjwa wa midomo na kwato ukirudi Ruiri, nani atajua ni mzee gani wa kijiji ukianza kumchanjia ng'ombe, wengine wote wanakubali chanjo?"

"Watanipigia simu."

"Simu ikiwa imezima?"

"Watakuja nyumbani, tukunywe chai."

Nilitaka kucheka, lakini Makandi alikuwa ameshika kichwa. "Ofisi nzima mnanijibu hivyo. Halafu ni mimi naulizwa kwa nini sistimu iko karibu tupu."

Mzee akaangalia nje kidogo. "Marete alikuwa bosi wetu. Aliandika humo kila kitu anajua, mkampigia makofi. Tangu astaafu, umewahi kumpigia simu?"

Makandi akaachilia kichwa, akamgeukia.

"Wewe nitakupigia, daktari. Hata kama si mambo ya ng'ombe."

"Wiki ya kwanza, ndio, utapiga."

Probox ikasimama kwa steji ya mzee, akashuka. Makandi alikuwa amelipia mpaka mjini, lakini alishuka hapo hapo akamfuata.