Mlango wa Banda la Kuku

Sogeeni wanangu, nisikilizeni sasa hivi, maana pumzi yenyewe naivuta kwa kuibembeleza, na haya ninayotaka kuwaambia hata mimi bado hayajaniingia akilini. Na wewe shemeji, kaa hapo hapo nikuone, leo usijifanye kiziwi.

Mnamjua ndugu yenu kitindamimba na kundi lake la simu, wale watu wanaotumiana picha za ndege kuukuu kutwa nzima, wakibishana hii iliundwa wapi na ile ilikuwa na injini gani. Nimewacheka sana, nikisema watu wazima hawa hawana kazi. Juzi akanipiga picha nikiwamwagia kuku mtama, akaituma kwa mzaha, aone kama watautambua mlango wa banda, kwa sababu marehemu baba yenu alituambia siku zote kwamba ni kipande cha ndege alichokipata kwa wauza vyuma chakavu. Wakautambua kabla chai yangu haijapoa: kile kidirisha cha mviringo, zile bawaba zilizokaa juu badala ya ubavuni, basi ni ndege ya injini mbili za pangaboi. Tukapiga makofi. Kisha mama mmoja wa kundi hilo akaomba rangi ikwanguliwe kidogo chini ya kidirisha. Ndugu yenu akakwangua kwa kisu changu cha jikoni, zikatokea herufi, akazipiga picha, akatuma. Mama yule akaandika: "Hiyo ni ndege ya baba yangu. Walituambia ilizama baharini."

Nikamwita baba yenu mdogo huyu, nikamwonyesha simu, naye akakaa chini palepale kwenye mavi ya kuku akalia kama mtoto. Kumbe waliikuta wao wawili, yeye na baba yenu, walipokuwa wakipasua mbao kule mlimani, ndege imebanwa katikati ya miti na watu wake wamo ndani, wameshakufa. Wakaung'oa mlango kwa kuwa lilikuwa bati zuri, wakaubeba mpaka hapa, na redio ilipotangaza kwamba ndege inatafutwa wakaogopa kuambiwa wameibia maiti, wakafunga midomo. Watu wanatafutwa majini, mimi kila asubuhi naufungua mlango wao niokote mayai! Hata kumkasirikia baba yenu nashindwa, maana mume niliyemjua mimi alikuwa akiazima msumari kwa jirani, anaurudisha.

Sasa wewe mkubwa, jana nimekusikia ukinong'ona kwamba mlango ukatwekatwe upelekwe kwa mhunzi, jina la baba lisichafuke. Thubutu! Ukiugusa, sina radhi nawe. Nyumba na shamba mmeshagawana na sina neno, ila mlango huo si wetu, hauingii katika mirathi ya mtu yeyote humu ndani. Mama yule ameshapanda basi, yuko njiani. Akifika msimtetee baba yenu, wala msimwambie kwamba zamani watu walikuwa waoga. Mpeni kiti, mpeni maji, mwacheni aushike mlango kadiri apendavyo, akitaka kulia alie. Kisha wewe shemeji utatangulia, na miguu yako hiyo mibovu, wanangu wakubebe mgongoni ikibidi, ukamwonyeshe alipo baba yake.

Niinueni kidogo... hapo, inatosha. Binti yangu, nishike mkono, mbona wako wa moto hivi, au wangu ndio umepoa?

Nimewaridhia nyote, mliozaa na ambao hamjazaa, Mungu awafungulie njia, awape usingizi mtulivu na watoto watakaowauliza maswali. Lakini ile nafasi kando ya kaburi la baba yenu, niliyosema ni yangu na mtu asiiguse... msinilaze pale. Nizikeni kwingine, popote, mpaka wale wa mlimani washushwe... wazikwe na watu wao. Nimelala kando yake umri wangu wote, wanangu, bila kujua.

Sasa najua.