Basil Shigela, Dereva wa Chanjo Aliyempeleka Mkewe Uwanjani

Tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Basil Shigela alikabidhi ufunguo wa gari la chanjo baada ya kuitumikia idara yetu ya afya hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa mwaka 1993, kijana wa Laela mwenye leseni mpya na shati la kuazima.

Kazi yake ilikuwa kuteremsha chanjo kutoka huku juu Ufipa hadi vijiji vya ziwani. Waliowahi kwenda naye Wampembe wakati wa masika wanajua kwamba kugeuza gari njiani hakukuwamo katika mipango yake. Mwaka ambao mvua ilikata barabara mteremkoni, aliegesha, akajitwika kasha la baridi begani, akashuka kwa miguu na muuguzi nyuma yake. Akina mama walikuwa bado wanasubiri na watoto mapajani, na wote walichanjwa siku ileile. Tulipompongeza, alilalamika tu kwamba muuguzi alitembea polepole. Muuguzi huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Hata hivyo, safari anayopenda kuisimulia si ya kazi. Mkewe, Mama Kristiana, anapenda mpira kuliko mwanamume yeyote wa mtaa wao. Timu yake hatuitaji hapa, maana tunataka sherehe hii imalizike kwa amani. Tangu waoane alisikiliza mechi za ligi redioni huku akipepeta ulezi, na Basil alimwahidi kwamba siku moja angempeleka Dar es Salaam akaione timu uwanjani. Kila likizo ilipokaribia, kampeni ya chanjo ilitangazwa.

Mwaka juzi daktari aliwaambia kwamba presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho la kushoto la Kristiana, na kwamba la kulia nalo lisingedumu. Basil alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa idara kuomba likizo.

Waliondoka na Noah ya shemeji yake: Basil, mkewe na binti yao Coleta, aliyekwisha kukata tiketi za mechi ya watani wa jadi. Walipita Tunduma na Mbeya salama, lakini karibu na Makambako rejeta ikapasuka. Fundi akasema nyingine ingefika kesho yake jioni, na mechi ilikuwa keshokutwa.

"Turudi nyumbani, Baba Coleta," Kristiana alisema. "Redio ipo."

Basil, mikono imejaa grisi, alijibu bila kuinua kichwa. "Redio utaisikiliza miaka yote iliyobaki. Safari hii unakwenda kuona."

Habari ya kurudi ikaishia hapo. Rejeta ilipofungwa alishika usukani, akaendesha hadi Morogoro, akapumzika kidogo, kisha akaikabili foleni ya malori ya Kibaha. Walifika kipindi cha kwanza kikielekea kuisha. Coleta alimshika mama yake mkono wakapanda ngazi, na Kristiana alipofika juu akasimama, huku watu nyuma yake wakitaka kupita.

"Kumbe ni kijani namna hii," alisema, akafuta machozi.

Alikaa ameinamia mbele mpaka filimbi ya mwisho. Mpira ukimpotea alimuuliza Coleta, naye alimwelekeza. Basil, kwa uchovu, alilala kipindi chote cha pili. Nusu ya uwanja ilinyanyuka kushangilia bao, yeye akakoroma. Wakati wa kurudi, mkewe alimsimulia kipindi hicho chote mpaka wakafika Iringa.

Mwezi Machi mwaka huu jicho la kulia nalo lilizima. Mama Kristiana amekaa nasi leo safu ya mbele. Nilimuuliza kama ana huzuni, akaniambia, "Nilikuwa nayo. Lakini nikisikiliza mechi sasa, uwanja nauona."

Ndugu Basil, asante kwa kila kasha ulilofikisha na kila mtoto aliyepona kwa sababu hukugeuza gari. Mahindi utakayolima Laela yakustawie, afya isikupungukie, nawe na Mama Kristiana mzeeke pamoja kwa raha. Sisi wenzako tunakuombea mema yote.

Nadhira Yunusu, muuguzi, kwa niaba ya wafanyakazi wote