Mama Panga Anaweka Panga Chini

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mama Panga atarudisha ufunguo wa ofisi na kuondoka na kikombe chake kilichokatika mkono. Ufunguo ni mali ya ofisi. Kikombe tumempa kwa moyo mmoja, maana hakuna mwingine anayekitaka.

Kwa wageni wetu wa leo, sisi ndio tunaotunza programu ya kupangia ratiba za shule. Ni programu huria: shule yoyote huitumia bure, na fundi yeyote anaweza kuifungua, akaona ilivyosukwa, akairekebisha. Wachache tumeajiriwa hapa, ghorofani juu ya duka la vioo. Wengi hujitolea kutoka makwao wakiwa wamechoka na kazi zao nyingine, na bila wao tungefunga milango.

Jina la Panga hakulipata kwa ukali wa mdomo. Programu hurundika vitu kama stoo ya nyumba: kila mtu huleta chake, hakuna anayetoa. Kila kipengele kinachobaki kinataka mtu wa kukitunza. Basi yeye aliingia kikaoni na swali moja tu, nani anakitumia? Jibu likikosekana, kipengele kiliaga dunia. Mwandishi wa wasifu huu amekuwa wakili wa vipengele hivyo kwa miaka mingi, na sikumbuki kesi niliyoshinda. Niliwahi kutengeneza kengele ya kompyuta iliyowika kama jogoo kila kipindi kilipoisha. Niliitetea karibu kwa machozi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akaikata.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mwalimu wa hesabu, katika shule yenye wanafunzi wengi na vyumba vichache. Kundi moja lilisoma asubuhi, jingine likaingia mchana kwenye madawati yale yale. Ratiba aliichora nyumbani kwenye karatasi za manila zilizojaa sakafu nzima ya sebule, na wanawe wanasema walijua kuruka kabla ya kujua kusoma. Alijifunza kuandika programu ili sebule yake irudi. Kitu cha kwanza alichokiandika, kifungua mimba wake, ni kipengele kinachoitwa Zamu Mbili: shule ya asubuhi na shule ya mchana ndani ya vyumba vile vile, kwenye ratiba moja.

Kwa miaka mingi kilipendwa. Kisha shule nyingi zikajenga madarasa, na Zamu Mbili kikawa kama babu mgonjwa ndani ya nyumba. Kila tulipogusa ratiba, kiliugua. Aliyekiuguza ni Baba Pacha, fundi wetu wa kujitolea, ambaye mapacha wake nao walikuwa hawajaanza kulala usiku. Mwaka jana alisimama kikaoni, akitazama viatu vyake, akapendekeza kiondolewe.

Mganga hajigangi, nikajiambia, leo tutaona. Mama akatuangalia mmoja mmoja.

“Kumbe mkuki kwa nguruwe ndio mtamu? Kificheni, kama vingine.”

Kuficha ni desturi aliyoianzisha mwenyewe. Kabla ya kufuta kipengele, tunaondoa kitufe chake kwenye toleo jipya, lakini mashine yake tunaiacha ndani. Halafu tunasubiri. Mtu akipiga kelele, kitufe kinarudi. Asipopiga, tunafuta. Kwa Zamu Mbili tulisubiri muda wa toleo zima, na kwenye ukurasa wetu wa malalamiko hakuna aliyekohoa. Tulipokutana tena, Baba Pacha alikuwa tayari kufuta, na mimi wakili nilikuwa nimeshafunga jalada la kesi.

Ndipo Mama akauliza jambo ambalo sote tulipaswa kuliuliza miaka ile yote. Wangempigia nani kelele? Ukurasa wa malalamiko tunaujua sisi mafundi. Mwalimu wa ratiba ataujulia wapi? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tulikuwa tumekihesabu kuwa kura ya ndiyo.

Akavuta simu ya mezani, akaanza kuzipigia shule za enzi zake. Mkuu mmoja alicheka: “Hiyo tuliiacha zamani, mama! Siku hizi tuna madarasa mpaka yanabaki.” Wengine walijibu hivyo hivyo. Kisha akapokea mwalimu wa chuo kidogo cha ufundi, mwanamke mwenye sauti ya chini, na kabla ya kuulizwa lolote akaanza kuomba radhi.

“Samahani sana mama. Nadhani nilibonyeza kitu vibaya. Ile sehemu ya mchana ikapotea yote, na mkuu sijamwambia bado.”

Tangu tulipoficha kitufe, mwalimu yule alikuwa akichora ratiba ya mchana kwa rula, kila mwisho wa wiki, akiamini ameharibu mali ya chuo na kwamba ikijulikana atapoteza nafasi yake.

“Hukukosea, mwanangu,” Mama alimwambia. “Ni sisi.”

Alipokata simu alivua miwani. Alisema anaona aibu. Alikuwa hajawahi kusema hivyo mbele yetu, na siku ile alisema mara mbili.

Mimi, nakiri, nilifurahi. Nilijua hatimaye nimeshinda kesi, na tena ya Zamu Mbili! Mama akanigeukia, akasema kitakatwa vilevile. Kipengele kinachougua kila mwezi, chenye muuguzi mmoja asiye na usingizi, siku moja kitampa yule mwalimu ratiba mbovu, naye atajilaumu tena. Kumwacha aegemee ukuta unaobomoka si huruma. Lakini hakifutwi mpaka aliyekiegemea apate pa kushika. Siku hiyo hiyo kitufe kikarudishwa.

Likizo yake ya mwisho Mama hakwenda kwa dada yake kama alivyoahidi. Alikwenda chuoni, akaketi na mwalimu yule katika ofisi yenye harufu ya chaki na rangi ya mbao, wakaihamisha kazi yote. Asubuhi waliiandika kama shule moja na mchana kama nyingine. Kilichokosekana ni onyo la chumba kimoja kupewa vipindi viwili kwa saa ile ile. Baba Pacha aliliandika, fupi na safi, na leo linatumiwa hata na shule zisizojua zamu ni nini. Mwalimu alipothibitisha kwamba ratiba imekaa sawa, Mama alirudi, akavuta kiti, akafuta Zamu Mbili kwa mkono wake mwenyewe.

“Haya, mwanangu, pumzika,” akasema, kisha akauliza kama kuna chai.

Tangu hapo tunaishi kwa sheria yake mpya. Kimya si ruhusa. Anayetaka kukata anyanyue simu kwanza. Na pale kilipokuwa kitufe kilichofichwa, sasa panatokea maneno aliyoyaandika yeye: “Hukukosea. Tumekiondoa sisi. Ukikihitaji, tupigie.” Kati ya yote aliyoandika kwa miaka ishirini na sita, hayo ndiyo ninayotamani kama ningeyaandika mimi.

Mama, asante kwa ulivyotujengea, na zaidi kwa ulivyotupunguzia. Hata jogoo wangu nimekusamehe. Dada yako anakusubiri na wajukuu wanakugombania, nasi tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na sebule isiyo na manila.

Ila desturi ni desturi. Hatukufuti. Kwanza tunakuficha kwa toleo moja, tusikie nani atapiga kelele. Baba Pacha hakungoja: asubuhi ya leo, kwenye kiti chako, ameshabandika karatasi. Inasema, “Hukukosea. Ni kweli hayupo. Tunamhitaji bado.”